Mchumba Mfini akikujibu "ihan sama", usikimbilie kudhani kakuchoka

Mkuu, umesema kila ukimuuliza mchumba wako mkale wapi anakujibu "ihan sama", ukafungua kamusi ukakuta "ileile kabisa", na sasa hulali. Tena umeomba tukupe na misemo mingine ya namna hiyo ili na wewe umjibu. Tulia kwanza. Niko Tampere, mji wa Ufini, mwaka wa sita, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hilo neno nimelishwa kuliko viazi.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilimuuliza bibi mmoja: "Kahvia vai teetä?" Kahawa au chai. Akasema "ihan sama" huku anaangalia dirishani. Kwetu Tanga mtu akikujibu "yoyote tu" macho yako dirishani, ujue umesusiwa, na ukitoka hapo unaanza kujikagua umemkosea nini. Nikamletea chai. Akainywa yote, akashukuru, yakaisha. Hapakuwa na fumbo lolote. Sisi kutojali kwetu lazima kuonekane: msonyo, mdomo kubetuliwa, na ikibidi kanga yenye maneno inapitishwa mlangoni kwa jirani mara tatu. Mfini akisema mamoja kwake, mara nyingi ni mamoja kweli, hana ugomvi na wewe. Miaka yote hii sijasikia Mfini akisonya.

Aliyeharibu ni mimi, nilipojifanya najua. Msimamizi wa zamu alikuwa anapanga ratiba, akaniuliza "aamu vai ilta?", asubuhi au jioni. Nilitaka kusema "yoyote tu, sina neno". Nikasema: "Ei kiinnosta." Nilikuwa nimewasikia vijana kwenye basi wakilitumia, nikadhani ndiyo "poa tu" yao. Kumbe nimemwambia "sina habari na mambo yako". Chumba cha kahawa kikanyamaza, mtu aliyekuwa anakoroga akaacha kijiko ndani ya kikombe. Msimamizi akatoa "jaa" moja fupi, yaani "aha" yao, akaniandika jioni wiki nzima. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenivuta pembeni akanifundisha mstari ambao na wewe uukariri leo: "Mulle käy kumpi vaan." Mulle ni "kwangu", käy hapo ni "inafaa", kumpi vaan ni "chochote kati ya hivyo viwili". Vikiwa zaidi ya viwili unasema "mikä vaan". Huo ndio uungwana wa kumwachia mtu uamuzi.

Sasa hilo "ei kiinnosta" si baya lenyewe, ubaya ni pa kulisema. Kwa ukamilifu ni "mua ei kiinnosta", na sisi Waswahili tunalielewa haraka kuliko wanafunzi wengine, kwa sababu limejengwa kama "hainihusu" yetu. Jambo ndilo linalotenda, mimi nimekaa tu natendwa. Ndugu zake ni "ei liikuta", yaani hainisogezi, na "ei hetkauta", hainitikisi. Ninalolipenda mimi ni "ei jaksa kiinnostaa". Jaksaa ni kumudu, kuwa na nguvu za kutosha, kwa hiyo mtu anakwambia hata zile nguvu za kuvutiwa na hilo jambo hana. Nilikuwa nalicheka mpaka nikapitia Novemba yangu ya kwanza hapa, jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Nikaacha kucheka.

Lipo na la matusi: "kiinnostaa kuin kilo paskaa", inanivutia kama kilo ya mavi. Halina hata kikanushi, ni kebehi tupu. Lijue ukilisikia, usilipeleke ukweni.

Kuna jambo nililigundua siku moja kwenye tramu nikabaki natabasamu peke yangu. Neno lao la vitabuni la "mamoja" ni "yhdentekevä", kwa tafsiri ya moja kwa moja "chenye kufanya moja". Yhden inatoka kwenye yksi, moja. Mtaani wanasema "yks hailee" au "yks lysti", na lysti ni neno lililotoka Kiswidi, maana yake raha. Yote yana moja ndani yake. Na sisi tunasema nini? Mamoja! Lugha hizi hazina hata chembe ya undugu, lakini hesabu imeangukia palepale: viwili vikishakuwa kimoja, hakuna tena cha kuchagua.

Njia nyingine wanayopita ni ya "väli", yaani nafasi iliyo kati ya vitu. "Mitä väliä?" ni "kuna tofauti gani?", na hutegemea sauti: polepole ni swali, kwa ukali ni "kwani iweje?" Kutoka hapo wana "hälläväliä", ambayo ni bora liende yetu kabisa. Ukiambiwa kazi yako ina hälläväliä, si sifa.

Halafu kuna babu mmoja hapa kazini, kila tukimwambia avae kofia kabla ya kutoka anajibu "viis veisaan". Viis ni tano, veisata ni kuimba kama wanavyoimba tenzi kanisani. Naimba tano! Maana yake hajali hata kidogo. Manesi wenyewe wanasema maneno yetu kwake ni "kuin vettä hanhen selkään", kama maji mgongoni mwa bata bukini. Mimi kimoyomoyo nasema tunampigia mbuzi gitaa, kisha namvalisha kofia.

Angalizo dogo: "ei se mitään" usiichanganye na haya. Nilivunja kikombe, nikaomba radhi, nikajibiwa hivyo, nikaona nimepuuzwa. Ni "si neno" tu, umeshasamehewa.

Turudi kwa mchumba wako. Sikiliza kinachofuata baada ya "ihan sama". Akiongeza "päätä sä", amekwambia "amua wewe", na anamaanisha hivyo. Akikujibu hivyohivyo mnapozungumzia harusi au safari ya kwenu, hapo kaa chini muongee. Lakini kwa chakula, acha kumuuliza "twende wapi?", maana hilo ni swali la kumchosha mtu aliyetoka kazini. Mpe viwili: "Pitsa vai kebab?" Akisema "kumpi vaan", nenda kwenye unachokitamani wewe, na usimuulize mara ya tatu kama ana uhakika.