Wasomaji Wanauliza: Gari la Mtumba la Kwenda Kazini na Kuvuta Remoki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi ofisini hapa Lubumbashi lakini ninaishi Kipushi, kwa hiyo kila siku ya kazi ninasafiri kilomita zipatazo 30 asubuhi na nyingine 30 jioni. Mwisho wa juma huwa ninakwenda shambani kwetu, upande wa barabara ya Kasenga, na wakati wa mavuno hulazimika kukodi gari la watu ili kuleta mahindi nyumbani na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Rafiki yangu anataka kuniuzia remoki ndogo ya ekseli moja, isiyo na breki, yenye uzito wa kilo 200 hivi. Ningependa kubeba magunia 10 ya kilo 50 kila safari. Nina akiba ya dola 6,000. Wenzangu kazini wamegawanyika: wengine wananiambia ninunue Hilux ya zamani ya mazutu, wengine RAV4, na mmoja anasisitiza kwamba Probox inatosha. Nisaidieni kabla sijatoa pesa. Msomaji, Kipushi.

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushukuru kwa kututajia uzito wa mzigo wako, maana barua nyingi za aina hii hutufikia zikiwa na jina la gari tu, na pasipo uzito hakuna ushauri wa maana unaoweza kutolewa. Tuanze basi na mzigo wenyewe. Magunia 10 ya kilo 50 ni kilo 500. Ukijumlisha kilo 200 za remoki, nyuma ya gari kutakuwa na kilo 700, na zote hizo zitasimamishwa na breki za gari peke yake kwa kuwa remoki haina breki. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba remoki isiyo na breki, pamoja na mzigo wake, isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta, na hata gari likiwa zito namna gani isipite kilo 750. Probox ina uzito wa kilo 1,050 hivi, kwa hiyo mwisho wake ni kilo 520 au karibu na hapo. RAV4 ya milango mitano iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2005 ina kilo 1,300 hivi, nayo mwisho wake ni 650. Hilux ya kabini mbili hupita kilo 1,700, na kati ya hayo matatu ndiyo peke yake inayoweza kuvuta kilo zako 700 bila kukiuka kanuni hiyo.

Ukiishia hapo utanunua Hilux. Sisi hatukushauri hivyo, kwa sababu siku tano za juma remoki yako itakuwa imeegeshwa uani huku gari likiendelea kunywa mafuta. Kwenda na kurudi kazini kwako ni kilomita 300 kwa juma. Probox ya lita 1.5 iliyotunzwa vizuri hutumia lita 7 hivi za esansi kwa kilomita 100 katika safari kama yako. Hilux ya mazutu hutumia lita 10 hivi, na RAV4 ya otomatiki hufika hapo hapo au kupita kidogo. Tofauti hiyo ya lita 3 kwa kilomita 100 ni lita 9 kwa juma, nazo huwa lita 450 kwa majuma 50 ya kazi, na bado hatujataja matairi, mafuta ya injini na vipuri, ambavyo kwa gari kubwa ni ghali zaidi vyote. Isitoshe, Hilux itakayopatikana kwa pesa ulizo nazo itakuwa, kwa maoni yetu, imekwisha kutumika sana katika kazi ngumu. Injini yake ya mazutu ya lita 2.5, iitwayo D-4D, ina injekta (vipuliza mafuta) za shinikizo kubwa ambazo hazivumilii mazutu yenye maji au uchafu, na mkanda wake wa taiming, unaoendesha valvu kwa wakati wake, ukikatika barabarani, gharama ya kuitengeneza injini yaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari. Ni gari bora kabisa kwa mtu avutaye mizigo kila siku, lakini wewe utavuta katika majuma machache ya mavuno.

Kuhusu RAV4, jambo moja linatutia wasiwasi. Nyingi za lita 2.0 zilizouzwa Japani katika miaka ile zilifungwa injini ya D-4, ambayo hupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo inahitaji mafuta safi na fundi mwenye vifaa vya kuipima, na kwa mtu anayejaza kwa wauza mafuta wa kando ya njia siku ambayo kituo kimekauka, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mwenzako aliyesema Probox ana haki, ila kwa sharti la kuugawa mzigo. Probox ya mizigo iliundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Weka magunia manne ndani ya gari, mbele kabisa karibu na migongo ya viti, uyafunge kwa kamba imara. Sita yaliyobaki yapande kwenye remoki. Remoki itakuwa na kilo 500 pamoja na uzito wake, yaani ndani ya nusu ya uzito wa gari, na gari litabeba kilo 200 za magunia pamoja na zile 50 hivi ambazo ncha ya remoki huuegemezea mkia wa gari. Magunia yako 10 yamepata nafasi, na breki hazijapewa kazi isiyozifaa.

Chagua yenye injini ya lita 1.5, wala usishawishike na ya 1.3 hata kama bei yake inapendeza. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi. Injini ya 1.3 iliyopunguziwa hivyo itateseka mara tu utakapoifunga remoki. Tena tafuta iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 2014, kwa sababu hadi wakati huo Probox ilikuwa na gia tano za mkono au otomatiki ya kawaida ya gia nne, na baada ya hapo ikawekewa otomatiki ya CVT, ambayo tutaieleza katika barua inayofuata. Ya gia za mkono ndiyo tunayoipendelea kwako. Succeed ni pacha wake, na ukiipata katika hali nzuri zaidi usiikatae kwa sababu ya jina.

Kuna udhaifu mmoja ambao wauzaji hawatakueleza. Probox ya kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele, na uzito wa remoki unapoukandamiza mkia wa gari, pua huinuka kidogo na magurudumu hayo hupoteza mshiko. Kwenye lami hutaliona hilo. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, ukijaribu kuondoka kwenye mteremko huku remoki imejaa, matairi yatazunguka mahali pamoja. Kwa bahati njema mahindi huku kwetu huvunwa mvua zikiwa zimekwisha au zinakwisha, hivyo njia ya shamba huwa ngumu wakati unaoihitaji. Mbolea na mbegu ndizo huenda shambani wakati wa mvua za Novemba, na hizo tunakushauri uzibebe ndani ya gari bila remoki. Ikiwa njia yenu hubaki na matope hata mwezi wa tano, tafuta Probox ya 1.5 inayosukumwa na magurudumu manne, ingawa hutumia esansi zaidi kidogo.

Siku ya kwenda kulitazama gari, mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki liwashwe kabla hujafika. Gusa rejeta, ikiwa ya moto, limewashwa ili kuficha shida ya asubuhi, nawe una haki ya kurudi kesho yake. Rejeta ikiwa baridi, fungua kifuniko chake utazame maji: yakiwa na rangi ya kutu au utando wa mafuta, acha gari hilo, kwa sababu kuvuta mzigo katika joto la Oktoba ndiko kutakakoimaliza injini ambayo tayari haipoi vizuri. Kisha ujaribu klachi. Vuta breki ya mkono hadi mwisho, weka gia ya tatu, achilia klachi taratibu huku ukikanyaga esansi kidogo. Injini inapaswa kuzimika papo hapo, na ikiendelea kunguruma basi klachi imekwisha. Mwisho, inua zulia la nyuma na uchungulie chini ya mkia wa gari. Gari dogo halina chasisi ya kujitegemea kama lori, kwa hiyo ndoano ya kuvutia hufungwa kwa bolti kwenye mihimili miwili ya sakafu, kushoto na kulia. Ukikuta iliyochomelewa kwenye bampa, au alama za kuchomelea na rangi mpya mahali hapo, jua kwamba gari limevuta mizigo bila kipimo.

Magari haya hutoka Japani yakiwa na usukani upande wa kulia, nasi twaendesha kulia. Bila remoki wengi wamelizoea hilo. Ukiwa na remoki unahitaji nafasi ndefu zaidi kulipita lori, huku macho yako yakiwa upande usioona barabara iliyo mbele ya lori hilo. Usijaribu kulipita kama njia haijanyooka mbele yako kwa umbali mrefu. Pia linganisha nambari ya chasisi na ile iliyo kwenye karti rozi, yaani kadi ya usajili wa gari, kabla ya kulipa hata dola moja. Tungependa utumie dola 5,000 kwa gari na karatasi zake, na zinazobaki ziende kwenye ndoano, taa za remoki, mafuta mapya na matairi.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa komini ya Kenya, Lubumbashi. Nina Nissan X-Trail ya 2009, otomatiki, ambayo huenda nayo kazini kila siku bila tatizo. Sasa nataka kuivutisha remoki yenye mabalo ya nguo za mtumba hadi Likasi, mara mbili kwa mwezi. Fundi wangu ameniambia otomatiki haivuti. Je, ni kweli?

JIBU: Mama, fundi wako amesema jambo ambalo lina ukweli kwa gari lako, ingawa si kwa kila otomatiki. X-Trail ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa hadi 2007, ilikuwa na otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ya kwako ni ya kizazi cha pili, na nyingi kati ya hizo zina CVT, ambayo haina gia bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo ndio unaoipunguzia injini ulafi wa esansi mjini, lakini mzigo mkubwa wa muda mrefu huyapasha joto mafuta yake, na mafuta yaliyoungua huufanya mkanda uteleze na kukwaruza puli. Hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, umbali unaotosha kabisa kuleta joto hilo.

Haina maana kwamba uuze gari. Hakikisha kwanza kwamba ndani mna mafuta ya CVT aina ya NS-2 na si ya otomatiki ya kawaida, kosa ambalo gereji nyingi hulifanya kwa nia njema ya kumpunguzia mteja gharama. Yabadilishwe kila kilomita 30,000 ikiwa utavuta. Mabalo 8 ya kilo 45 ni kilo 360. Kwa remoki ya kilo 200 utakuwa na kilo 560, ambazo gari lako lenye kilo zipatazo 1,450 linazimudu. Usizidishe hapo. Ondoka alfajiri kabla ya jua kali, usipite kilomita 70 kwa saa, na injini ikianza kulia kwa sauti ya juu huku gari haliongezi mwendo, simama pembeni uiache ipoe kwa nusu saa bila kuizima mara moja.

SWALI: Remoki yangu huanza kuyumba kushoto na kulia nikifika kilomita 80 kwa saa. Nimebadilisha ndoano bila mafanikio. Kijana wa Ruashi.

JIBU: Mara nyingi kuyumba huko hutokana na mzigo uliopangwa nyuma ya ekseli. Ncha ya remoki inapaswa kuikandamiza ndoano kwa sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wote: remoki ya kilo 500 iegemee ndoano kwa kilo 50. Unaweza kulipima hilo nyumbani kwa mizani ya gunia. Panga vitu vizito juu ya ekseli na mbele yake kidogo, vyepesi viende nyuma. Kisha tazama matairi ya remoki, ambayo wengi huyaokota kutoka kwenye magari yaliyoyachoka: ubavuni mna nambari nne za tarehe, kwa mfano 2312, yaani juma la 23 la mwaka 2012, na tairi la umri huo halifai kubeba mzigo hata kama meno yake bado ni marefu. Remoki ikianza kuyumba ukiwa njiani, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo ili kuinyoosha. Inua mguu kwenye esansi, shika usukani bila kuuzungusha, uiache itulie yenyewe.