Maswali ya wasomaji: Flash wawili, Coulson aliyefufuka na mambo ya Spider-Man

Kaka, Flash, yule shujaa wa DC mwenye kasi, wa kwenye tamthilia ni Grant Gustin, wa kwenye muvi ni Ezra Miller. Yupi ndiye mwenyewe?

Wote wawili, kila mmoja kwao. Tamthilia ilianza kurushwa na CW, televisheni ya Marekani, Oktoba 2014, na hata haijamaliza wiki mbili hewani Warner Bros. wakatangaza muvi ya Flash wakiwa na Miller. Walikutana mara moja tu, Januari 2020, ndani ya Crisis on Infinite Earths, hadithi iliyounganisha tamthilia kadhaa za DC: wakashangaana, wakasifiana mavazi, basi. Muvi ilipotoka Juni 2023 Gustin hakuwamo, ingawa alikuwa ametoka tu kumaliza misimu tisa. Kwangu mimi walimkosea heshima.

Nimeshamaliza muvi za Avengers zote. Agents of S.H.I.E.L.D. nayo ni lazima?

Si lazima, ila itazame uone raha na karaha za kuunganisha hadithi za muvi na tamthilia. (Kama hutaki kuharibiwa utamu, ruka jibu hili.) Tamthilia hii ya Marvel, ya majasusi wa shirika la S.H.I.E.L.D. na bosi wao Coulson, ilianza Septemba 2013, na kwa miezi watu walilalamika kwamba haiendi popote. Isingeweza kwenda. Captain America: The Winter Soldier ndiyo iliyokuwa na siri kubwa, kwamba Hydra, kundi la waovu, wamejipenyeza ndani ya S.H.I.E.L.D., na tamthilia isingeweza kuitoboa kabla ya muvi.

Muvi ikaingia kumbi za Marekani Aprili 4, 2014. Aprili 8, ABC, televisheni ya tamthilia hiyo, wakarusha sehemu ya 17. Ndani ya ndege, Victoria Hand, ofisa wa S.H.I.E.L.D., anampa Grant Ward, kijana mwaminifu wa kikosi cha Coulson, nafasi ya kummaliza mfungwa wao Garrett, aliyegundulika kuwa Hydra. Ward anainua bastola, anawafyatulia walinzi, kisha anamgeukia Hand mwenyewe. Kumbe naye ni Hydra! Tangu hapo tamthilia ikawa nyingine kabisa.

Lakini habari zilisafiri upande mmoja tu, kutoka muvi kwenda tamthilia. Coulson aliuawa kwenye The Avengers ya 2012, tamthilia ikamfufua na kuishi naye miaka, na hakuna muvi iliyowahi kumwambia Tony Stark (Iron Man) kwamba rafiki yake yu hai. Huo ni udugu gani?

Joker, The Batman na Superman mpya: nianze na ipi?

Yoyote. Joker (2019) inasimama peke yake. The Batman (2022) ina ulimwengu wake pamoja na tamthilia ya The Penguin. Superman ya 2025 ni ya mpango mpya wa James Gunn wa muvi za DC, haina habari na hizo mbili.

Kwa nini Spider-Man leo yuko na Avengers, kesho hayuko?

Ni suala la nani anamiliki. Sony walichukua haki za muvi zake mwaka 1999, na Marvel Studios, watengenezaji wa Avengers, humtumia kwa makubaliano yaliyoanza 2015. Ndiyo maana Tom Holland, anayemwigiza Spider-Man, aliibukia Captain America: Civil War mwaka 2016, huku Sony wakiendelea kivyao na muvi za Venom, adui wa Spider-Man kwenye vitabu vya katuni. Mwaka 2021 Venom alivushwa hadi upande wa Holland, tukakaa mkao wa kula. Akaishia baa, akapiga stori na mhudumu, akarudishwa kwao bila kuonana na Spider-Man, bili hajalipa.