Mzigo wangu umezama ziwani, niishije sasa?

SWALI: Salamu Mwalimu. Ninauza mukene, yaani dagaa, hapa Masese, Jinja. Mwezi uliopita mtumbwi uliobeba magunia yangu kutoka Buvuma ulipigwa na mawimbi. Watu waliokolewa, mzigo ukazama wote, na mkopo wa kikundi bado ninaudaiwa. Kaka yangu anasema niache kujinyima: ponda mali, kufa kwaja. Anadai hata Epicurus, yule Mgiriki wa kale, alifundisha hivyo. Shemeji yangu anambishia kwamba Wagiriki walihimiza kuvumilia tu. Nimsikilize nani?
Muuza mukene, Masese

JIBU: Pole sana, dada. Tunamshukuru Mungu watu walitoka salama.

Kaka yako anamsingizia Epicurus. Ni kweli alisema raha ndiyo shabaha ya maisha, ila raha aliyoitaka ni mwili usioumwa na moyo usiobabaika. Katika barua yake kwa Menoeceus alikana waziwazi kwamba anazungumzia ulevi na karamu zisizokwisha. Mkate na maji vilimtosha. Aliwahi kumwomba rafiki amtumie kijungu cha jibini, ili siku akitaka karamu awe nayo. Mtu huyo hangekutuma kumalizia pesa ya deni kwenye bia na nyama choma.

Shemeji yako anawakumbuka Wastoa, kundi jingine la wanafalsafa wa Kigiriki. Mwanzilishi wao, Zeno wa Citium kutoka Kupro, angekuelewa upesi: wahenga wa Kigiriki walisimulia kwamba alikuwa mfanyabiashara, na jahazi lake lililobeba shehena ya rangi ya zambarau lilizama karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Alipofika Athens akaingia kwenye falsafa, na mnamo mwaka 300 KK akaanza kufundisha katika baraza lililopambwa kwa picha, kando ya soko. Alifundisha kwamba jema la kweli ni tabia njema tu. Mali ikija au ikipotea haigusi wema wako. Lakini hilo halikuwa somo la kukaa na kuvumilia. Cleanthes, aliyemrithi, alichota maji ya kumwagilia bustani usiku apate ujira, mchana akasome.

Ninawaheshimu Wastoa, ila hapo sikubaliani nao. Siwezi kumwambia mama anayetafuta ada ya watoto kwamba hakupoteza jema lolote. Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 KK, kabla hata Zeno hajaanza kufundisha, aliona sawasawa: wema ndio moyo wa maisha mazuri, lakini mtu anahitaji pia riziki kidogo na marafiki, na misiba mikubwa inaumiza kweli. Kwa hiyo lia, dada. Hujakosa imani wala akili.

Kwa Epicurus kuna jambo moja ningependa ulichukue, nalo ni urafiki. Aliishi na wenzake katika bustani yake Athens, wanawake na watumwa wakiwemo. Rafiki yake Metrodorus alipofariki akaacha watoto, Epicurus aliandika katika wosia wake kwamba watunzwe. Wewe nawe una kikundi. Usijifiche siku ya mkutano. Nenda kabla tarehe ya rejesho haijafika, waeleze mzigo ulivyopotea, uombe wakupunguzie kiwango cha kila mwezi mpaka upate mtaji mwingine. Na kaka yako, badala ya kukualika kwenye starehe, mwombe akusaidie rejesho moja.