Ukoka kwenye jua la Oktoba: kwa anayeanza kutunza bustani Mbeya na Iringa

Ukikabidhiwa bustani Mbeya au Iringa mwezi wa Agosti, umeipokea kabla tu ya kipindi kigumu kuliko vyote. Mvua ziliisha Mei, baridi ya Juni na Julai imeudumaza ukoka, na mbele yako kuna Septemba, Oktoba na sehemu kubwa ya Novemba. Katikati ya Oktoba jua la huku hupita utosini kabisa, hewa ni kavu, na Iringa upepo hauchoki. Wageni hudanganywa na ubaridi wa usiku. Mtu aliyelala na blanketi zito haoni haraka kwamba majani yake yana kiu.

Kwanza tofautisha rangi mbili. Ukoka uliogeuka kahawia Julai, hasa Njombe na Makete ambako sakitu (umande ulioganda) huanguka, umepigwa na baridi, na kuumwagia maji mengi wakati huo hakuuamshi. Usiukanyage tu asubuhi ukiwa bado na sakitu, maana majani yaliyoganda huvunjika na alama za nyayo hubaki wiki nyingi. Kahawia ya Oktoba ni ya kiu, na huwa imetanguliwa na dalili. Majani hujikunja kwa urefu, rangi huwa kijani cha kijivujivu, na ukipita juu yake nyayo zako hazinyanyuki. Ukiona nyayo zimebaki, mwagilia kesho yake alfajiri. Usisubiri hadi yakauke.

Wengi wanaoanza huharibu kwa kujitahidi. Kila jioni wanashika mpira, wanarusha maji dakika chache bustani nzima, majani yanang'aa, wanafunga bomba. Fukua hapo kwa kijiko uone: sentimita mbili za juu zimelowa, chini ni vumbi. Mizizi hufuata maji. Ikizoea kuyapata juu, itakaa juu, na jua la saa saba mchana hukausha kitabaka hicho kabla ya jioni. Siku mgao wa maji ukianza, ukoka wa namna hiyo huungua ndani ya siku chache, huku ule wa jirani aliyemwagilia mara mbili tu kwa wiki bado umesimama.

Kwa hiyo mwagilia mara chache, lakini ushibishe. Kipimo cha kuanzia ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, ukizigawa mara mbili. Bustani ya mita 5 kwa 10 ina mita za mraba 50, hivyo kila mara inataka kama lita 600, zaidi ya nusu ya tanki la lita 1,000. Fanya hesabu hiyo kabla hujafungua bomba. Kujua mpira wako unatoa kiasi gani, jaza ndoo ya lita 20 huku unaangalia saa. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika, na lita 600 zitachukua saa nzima. Kama unatumia kinyunyizio, panga makopo matano yaliyonyooka pande zote sehemu mbalimbali, kisha pima kwa rula. Milimita 12 ndani ya kopo ni lita 12 kwa mita ya mraba. Makopo yakitofautiana sana, hamisha kinyunyizio, kwa sababu mabaka ya manjano mengi ni sehemu zisizofikiwa na maji tu.

Baada ya kumwagilia, chomeka bisibisi ndefu. Ikizama sentimita 15 bila kulazimisha, umefika. Ikigoma kwenye sentimita 5, hujamaliza.

Udongo nao una tabia zake. Maeneo mengi ya Mbeya na Rungwe yana udongo mwepesi wa majivu ya volkano, unaomeza maji papo hapo, na hapo kazi ni rahisi. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ulio Iringa ni habari nyingine. Ukikauka hufanya ukoko mgumu, maji yanatiririka hadi mtaroni na wewe unadhani umemwagilia. Hapo mwagilia kwa awamu: dakika kumi, pumzika nusu saa maji yazame, rudi tena. Kabla joto halijakolea, pitisha jembe uma: zamisha meno sentimita 10, tikisa kidogo, toa, sogea sentimita 15, rudia. Usipindue udongo. Kazi hii inachosha mgongo, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi hakuna inayolipa kuliko hii. Ifanye udongo ukiwa na unyevu kidogo, maana ukiwa mkavu kabisa meno hayaingii.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3. Upepo bado umelala, na majani yatakauka mapema. Si kweli kwamba matone ya mchana huunguza majani. Hasara ya mchana ni kwamba maji mengi hupeperushwa na kukauka kabla hayajafika kwenye mizizi. Usiku nao haufai, kwa sababu majani yanayolala yamelowa kwenye baridi ya huku hualika ukungu.

Sasa ukataji, ambapo ukoka mwingi huuawa bila mtu kujua. Watu hukata chini kabisa ili wasirudie kazi mapema. Lakini jani ndilo kivuli cha udongo na ndilo linalolisha mzizi. Ukinyoa, jua linapiga vikonyo (mashina yanayotambaa) na ardhi moja kwa moja, na mmea unatumia akiba yake kuotesha majani mapya badala ya kushusha mizizi. Ukoka wa kikuyu, ambao asili yake ni milima ya Afrika Mashariki na hupenda hali ya hewa ya huku, unaweza kuukata sentimita 4 wakati wa mvua, lakini kuanzia Septemba uache sentimita 6 au 7. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Ukiwa umefika sentimita 9, ukate ubaki 6. Noa fyekeo au kisu cha mashine kwa tupa. Kisu butu huchana ncha za majani, na kesho yake bustani nzima inaonekana imefifia kana kwamba imeumwa. Mabaki mafupi yaache palepale, yanapunguza ukavu.

Kando ya pevingi, kuta na mabati hukauka kwanza kwa sababu saruji hushika joto. Chini ya mikaratusi pia, kwani mizizi yake hunyonya maji yote. Sehemu hizo ziongezee ndoo kwa mkono, usimwagilie bustani nzima upya kwa ajili yake.

Maji yakiwa haba, amua mapema: ama umwagilie ipasavyo, ama uuache ulale. Kikuyu na ukoka wa kawaida huhifadhi uhai kwenye vikonyo, hivyo unaweza kukauka juu bila kufa. Upe lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya wiki mbili au tatu, na uzuie watu, magari na mbuzi. Kinachoumaliza ni kuuamsha, kuuacha, kisha kuuamsha tena. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa. Ya povu zito au yenye dawa ya kung'arisha usiyamwage, chumvi zake huharibu udongo wa mfinyanzi. Na usichome moto ukidhani majani yatachipua upesi. Moto unaacha udongo uchi mbele ya wiki kali kuliko zote.

Usiweke urea wakati wa joto na ukavu, inaunguza. Samadi mbichi pia iache, inaunguza na kuleta mbegu za magugu. Mchwa wakianza kufunika majani makavu kwa udongo, kwanza reki mabaki yaliyokauka na ushibishe sehemu hiyo maji. Ndago ing'oe pamoja na vitunguu vyake vya chini, maana ukiikata juu inarudi.

Mvua ya kwanza isikutie haraka. Subiri hadi bisibisi izame sentimita 15 popote, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba, ndipo uweke urea gramu 10 kwa mita ya mraba, sawa na vifuniko viwili hivi vya soda, majani yakiwa hayana maji juu yake, na umwagilie papo hapo. Anza kushusha urefu wa kukata kidogo kidogo. Palipobaki upara, vuta konyo la ukoka kabla hujaamua: likigoma, bado lina uhai, lipe wiki tatu. Likija mkononi bila ubishi, pakatue na upande vikonyo vyenye vifundo vitatu, viwili chini ya udongo na kimoja juu, kwa nafasi ya sentimita 15, kisha ukanyage kwa mguu ili vishikane na udongo.