Geita: watu wanafuata nini hasa?

Ndugu, umeuliza kama GGM (Geita Gold Mine, mgodi mkubwa wa dhahabu) ndiyo iliyojaza watu Geita. Kwa sehemu ndogo tu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 mkoani Geita, ya 2022 ikakuta 2,977,608. Mgodi ule ulianza kuzalisha mwaka 2000 na unategemea mitambo mikubwa. Hauwezi kuajiri umati huo.

Wanaovuta watu ni wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Rashi (dhahabu mpya ikigunduliwa na watu kuikimbilia) ikitokea, wachimbaji hawaji peke yao: wanafuatwa na wenye makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu), mama lishe, bodaboda, wauza matimba (magogo) ya kuzuia duara, yaani shimo la kuchimbia, lisibomoke. Ongeza na uzazi, maana familia za Kanda ya Ziwa bado ni kubwa. Na wengi wa mkoa huo bado ni wakulima (mananasi ya Geita unayajua), wengine wavuvi.

Soko la dhahabu lililofunguliwa 2019 limesaidia mchimbaji mdogo kuuza kwa bei inayojulikana. Linaloniuma ni madarasa na maji: ushuru wa huduma unaingia halmashauri, lakini watoto wanaongezeka haraka kuliko shule. Hapo ndipo madiwani wabanwe.