Fundi Tuambie: Draiva ninayo kwenye flashi, XP bado haioni diski

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina ofisi ya kudarizi nembo za sare za shule hapa Mwanza, programu ya mashine yangu ni ya kizamani inataka Windows XP tu, Windows 10 imegoma kabisa. Kompyuta yangu ilikufa nikanunua laptopu ya mtumba. Sasa kila nikipiga window ya XP inapakia weeee, mwisho skrini ya bluu, 0x0000007B. Kijana mmoja kanipa draiva ya Intel kwenye flashi akasema nibonyeze F6, nimebonyeza, eti inataka flopi! Flopi naitoa wapi jamani? Na kwenye BIOS kile kipengele cha kutoa AHCI kuweka IDE hakipo.
Mama wa Nembo, Mwanza

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kuanzia BIOS (ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) maana wengi hata hapo hawafiki, na kingekuwepo hicho kipengele ungeweka IDE, mfumo wa zamani ambao XP inaujua, tukamalizana bila mambo mengi.

Iko hivi. XP ilitoka 2001, na CD yake haina draiva (programu ndogo ya kuiwezesha Windows kutumia kifaa) ya AHCI, yaani ule mfumo ambao laptopu yako inatumia kuongea na diski. Hiyo namba 0x0000007B maana yake Windows imeanza kuwaka halafu ikakosa njia ya kuifikia diski. Sasa watu wanakosea hapa, wanachukua folda ya draiva wanaitupia kwenye CD wanachoma upya halafu wanashangaa mbona vilevile. Hatua ile ya mwanzo yenye maandishi meupe haijui kusoma faili za INF (zile za maelezo ya draiva), inasoma faili moja inaitwa TXTSETUP.SIF iliyoko ndani ya folda ya I386, na hiyo ni kama daftari la waalikwa mlangoni, jina halimo huingii hata ukija na suti.

Kwa hiyo kazi ni kuyatoa maelezo kwenye kifurushi cha draiva na kuyaingiza kwenye TXTSETUP.SIF. Fungua kifurushi chako cha Intel, kile cha flopi cha biti 32, utakuta iaahci.inf, iastor.inf, iastor.sys, txtsetup.oem na vingine. Hiyo txtsetup.oem ndiyo F6 inaitafuta kwenye flopi, iache hapohapo ilipo. Fungua iaahci.inf kwa Notepad, utaona mistari mingi yenye kitu kama hiki:

PCI\VEN_8086&DEV_2829&CC_0106

8086 ni Intel mwenyewe, 2829 ni chipu yenyewe (hiyo ni ya laptopu za kizazi cha ICH8M, ICH9M huwa 2929), na 0106 ni kusema hiki ni kidhibiti cha SATA, yaani cha diski. Kwenye TXTSETUP.SIF mstari huohuo unatakiwa uwe hivi, chini ya [HardwareIdsDatabase]:

PCI\VEN_8086&DEV_2829&CC_0106 = "iaStor"

halafu chini ya [SCSI.Load] kuwe na iaStor = iaStor.sys,4 na kwenye [SCSI] jina lake, na kwenye [SourceDisksFiles] mstari wenye koma nyingi unaoeleza faili inakopiwa wapi, na iastor.sys yenyewe ibanwe iwe iastor.sy_ ikae ndani ya I386. Ukikosa kimoja tu utakwama tena. Sikushauri uandike kwa mkono, zile koma zitakutoa machozi.

Tumia nLite, ni programu ya bure. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows kopi CD yote ya XP kwenye folda, bora iwe SP3, fungua nLite uielekeze folda hiyo, chagua Drivers na Bootable ISO (faili ya kuchomea CD). Ingiza draiva moja, iaahci.inf, itakuuliza hali gani, chagua Textmode (ile hatua ya maandishi meupe), HAPO NDIPO WENGI WANAPOTEA, ukichagua ile PnP ya kawaida draiva itaingia lakini itasubiri hatua ya baadaye ambayo hutafika. Kisha chagua chipu yako kwenye orodha.

Utajuaje chipu yako? Washa laptopu kwa flashi ya Linux yoyote ya kujaribia, fungua terminali uandike lspci -nn, tafuta mstari wa SATA, mwishoni utaona namba mfano [8086:2829]. Kama namba hiyo haimo kwenye iaahci.inf basi hilo toleo la draiva silo, tafuta lingine, na usikimbilie jipya kuliko yote maana matoleo mapya hutupa chipu za zamani.

nLite ikimaliza, kabla hujachoma CD, fungua TXTSETUP.SIF utafute namba ya chipu yako kwa macho yako mwenyewe. Ipo? Choma, kwa spidi ndogo. Haipo? Rudi ukachague tena, usipoteze CD.

Na ikishawaka usiiunganishe na intaneti mama, XP iliachwa kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014. Nembo zako zipeleke kwa flashi iliyopita kwenye antivairasi ya kompyuta nyingine.

SWALI: Niaje mkuu. Nimetoa diski ya Fedora (Linux) kwa desktop nikaiweka kwa seva ya mtumba yenye kadi ya RAID (ya kusimamia diski kadhaa), sasa inaboot inasema haipati root (sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe) inanitupa kwa shell ya emajensi. Diski ni nzima, nikirudisha kwa desktop inaingia poa. Shida ni gani?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Ugonjwa ni uleule wa mama hapo juu, nguo tofauti tu. Fedora inatengeneza initramfs (faili ndogo ya kuwashia yenye draiva za mwanzo) kwa programu inaitwa dracut, na dracut kwa kawaida inabeba draiva za mashine ile ilipotengenezewa tu ili faili iwe ndogo, desktop yako haikuwa na kadi ya RAID kwa hiyo draiva yake, mara nyingi megaraid_sas, haikubebwa. Kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea mwanzo wa kuwaka) chagua ule mstari wa rescue, huo umebeba draiva za kila aina. Ukiingia, tengeneza faili ndani ya /etc/dracut.conf.d/ jina lolote linaloisha na .conf, andika hostonly="no", kisha sudo dracut -f --regenerate-all. Kabla ya kuriboot piga sudo lsinitrd /boot/initramfs-(toleo la kernel yako).img | grep megaraid, ikikuonyesha kitu zima uwashe. Rescue ikigoma nayo, rudisha diski kwa desktop ufanye hayohayo kutoka huko.