Shangazi yuko Vanga, paspoti sina

SWALI: Shikamoo mama. Mimi Mdigo wa hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Shangazi yangu kaolewa Vanga upande wa Kenya na sasa anaumwa, nataka nikamuone ila paspoti sina. Washkaji wananiambia nipite njia za panya tu, mbona watu wanapita. Hivi kitambulisho cha NIDA hakitoshi kweli na sisi wote ni Afrika Mashariki?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amponye shangazi. Njia za panya achana nazo kabisa. Kupita utapita, ila ukishafika huko huna muhuri, na ikitokea shangazi kazidiwa usiku mnamkimbiza Mombasa polisi wakawasimamisha njiani, wewe ndo unabaki kituoni na mgonjwa anaendelea bila wewe. Nenda uhamiaji hapo mjini na hiyo NIDA, waeleze kuna mgonjwa, omba hati ya dharura ya safari. Ukishaipata pita kituo cha mpakani cha Horohoro, viza hulipi, mtu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa pasi ya kukaa mpaka miezi 6.

NIDA peke yake bado haitoshi, na hili linaniuma. Kenya, Uganda na Rwanda raia wao wanavuka kwa kitambulisho tangu 2014, sisi hatukuingia. Serikali inahofia usalama, na ni kweli watu kutoka Ethiopia na Somalia wanapitishwa huku Tanga kimagendo wakielekea kusini, tunawasikia wanakamatwa. Lakini hao NIDA hawana! Kitambulisho kina alama za vidole, sasa Mdigo anaekuja nacho mkononi kwenye dirisha la uhamiaji tunamuogopea nini?

Huo mpaka wenyewe Wajerumani na Waingereza waliuchora 1886 kuanzia mdomo wa mto Umba, Wadigo wakabaki huku na kule bila kuulizwa. Halafu 1977 Jumuiya ya zamani ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983, miaka yote hiyo waulize wazee wa Mkinga walivyokuwa wanazikiana kwa kuibia. Soko la Pamoja la Jumuiya hii mpya lilivyoanza Julai 2010 tuliahidiwa watu watatembea kwa uhuru, kwa hiyo mbunge wenu akija kuomba kura mumuulize hili la kitambulisho amefanya nini.

Na ukirudi usipitilize kwenye gari, shuka ugongewe muhuri wa kutoka Kenya, usipogongewa safari ijayo watakuuliza ulibaki huko au ulirudi vipi.